Fremu ya Nne

Enoch Tarvin alibisha mlango wa mbele mara tatu, na mara zote tatu Ketura Goings alimsikia. Alikuwa uani, mbele ya sufuria la chuma, akikoroga maji ya majivu na mafuta ya nguruwe yaliyoanza kugeuka sabuni. Naye hakuacha kukoroga. Mtu aliyemuuza mumeo hafunguliwi mlango. Azunguke nyumba, akanyage tope, apite chini ya kamba ya nguo kwa kuinama. Ndivyo Tarvin alivyolazimika kufanya, na gaguro la mama mkwe, lililokuwa bado bichi, likampangusa usoni.

"Shangazi Ketura," alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. Hivyo ndivyo wazungu wa Bethel Fork walivyomwita kila mwanamke mweusi ambaye waliona haya kumtukana, na uchungu kumwita Bibi.

"Sina mpwa mwenye ndevu za mvi," Ketura akajibu. "Nina jina la ndoa. Unalijua. Ulilikana mbele ya kamishna."

Tarvin alilimeza hilo kama mgonjwa anavyomeza dawa ya kwinini. Alikuwa amekuja kuomba, na mwombaji hachagui mate ya kumeza. Kiwanjani kwake zililala nguzo na boriti za mwaloni zaidi ya mia moja, zimechongwa tayari, zikingoja kusimama ziwe ghala. Nyasi zake kavu zilikuwa nje, ng'ombe wake ishirini walikuwa nje, na mwezi wa Novemba ulikuwa umekwisha kufika katikati.

"Seremala wa mjini alikuja juzi," akasema. "Amezunguka zile mbao kutwa nzima. Amelazimisha ulimi mmoja katika tundu, ukapasuka. Anasema alama zilizochongwa hapo hajapata kuziona maishani mwake."

"Hata mimi ningeshangaa angezijua."

Shadrach Goings, mume wa Ketura, alichonga kwa mtindo wa zamani: kila ulimi wa boriti, yaani ncha yake iliyochongwa nyembamba, ulikatwa kwa kipimo cha tundu lake, wala haukukubali tundu jingine. Ubavuni mwa kila kiungo aliweka alama, ili siku ya kuinua kila mwenzi amjue mwenziwe. Maseremala wengine walitumia hesabu za Kirumi. Shadrach alitumia alama alizorithi kwa babaye: wayo wa kuku, nusu mwezi, jino la msumeno, kwato lililopasuka. Aliyezijua zote alikuwa yeye, na Ketura, ambaye kwa miaka kumi na miwili alimshikia patasi akimpokea nyingine.

Tarvin alidhani kwamba fundi akishachonga tundu la mwisho, kazi yake yote imebaki ndani ya mbao. Kwa hiyo siku ile ile Shadrach alipoweka nyundo chini na kudai ujira wake wa dola mia na kumi, wawindaji wa watumwa kutoka Kentucky, jimbo la utumwa ng'ambo ya mto, walikuwa wamekwisha kujificha nyuma ya zizi. Wakamkamata, na kamishna wa kesi za watumwa waliotoroka akawaruhusu kumchukua kwa nguvu ya kiapo cha Tarvin.

"Wewe unazijua," Tarvin akasema.

"Kamwulize Isham."

"Nani?"

"Umesahau upesi! Isham. Uliapa kwa Biblia kwamba mume wangu ni Isham, mtumwa wa shamba la tumbaku, aliyetoroka kwa bwana wake mwaka wa hamsini na tatu. Haya, kamwulize. Labda tumbaku inafundisha useremala siku hizi."

Tarvin alikanyagakanyaga tope. "Mambo ya sheria yamekwisha, Ketura. Mimi na wewe hatukuiandika sheria. Nakupa dola tatu na paja la nguruwe."

"Unanipa nini?"

"Dola tano, basi."

Ketura aliinua mwiko, akatazama sabuni inavyochuruzika. Alikuwa na mambo mawili kifuani. La kwanza lilikuwa ni kuliinua lile sufuria na kummwagia Tarvin toka utosini. La pili lilikuwa neno la wakili wa mji wa bandari, aliyemwambia wiki iliyopita: mumeo yumo gerezani ng'ambo ya mto, na mwisho wa mwezi mfanyabiashara atampakia melini kumpeleka kusini, nako hakuna arudiye. Aliyeapa akikana kiapo chake kwa maandishi, mbele ya hakimu na mashahidi, mahakama ya Kentucky itamsikiliza mtu aliyezaliwa huru. Pasipo karatasi hiyo, mama, usipoteze nauli yako.

"Fanya msaragambo wako wa kuinua ghala Jumamosi," alisema mwishowe. "Waalike wote, wa kanisani na wa kilabuni. Nitakuja, na nitazisoma alama zote mpaka ya mwisho. Malipo yangu nitayataja hapo hapo, mbele ya watu."

"Kiasi gani?"

"Hakikupiti uwezo. Na kwangu usirudi tena kuniita shangazi."

Tarvin aliona amepata rahisi. "Jumamosi, Bibi Goings," akasema, akainama tena chini ya kamba.

*

Mama mkwe wake, Jerusha, alikuwa amesikia yote dirishani. Alitoka na fimbo yake, akatema mate mahali alipokuwa amesimama mgeni.

"Utamjengea ghala?"

"Nitasoma alama, mama."

"Mimi nilimzaa Shadrach upande huu wa mto, mkunga wangu alikuwa mke wa mhubiri. Nilisimama mbele ya kamishna nikasema, huyu ni mwanangu, tumbo hili ndilo lililombeba. Akaniambia, nyamaza, bibi kizee, mahakama haina muda. Yeye hulipwa dola kumi akimkabidhi mtu utumwani, tano akimwachia huru. Muda angeutoa wapi? Na ushahidi wa nani aliupokea? Wa huyo! Leo unampa tarehe ya msaragambo, kama jirani mwema!"

"Mama, nikimwomba akiri hapa uani, atakiri, kisha atakana akifika barabarani. Nataka akiri mahali ambapo hawezi kukimbia."

"Mahali gani hapo?"

"Chini ya ghala lake, likiwa nusu."

Jerusha akautwaa mwiko kutoka mkononi mwa mkwewe. "Nenda kapumzike," akasema. "Sabuni nitakoroga mimi."

*

Jumamosi walikuja wanaume sitini na watatu. Ilikuwa desturi ya Bethel Fork kwamba mtu hata akiwa adui yako, siku anapoinua ghala unakwenda. Kwa maana siku yako nawe itafika, na hakuna familia iwezayo kuinua peke yake fremu ya mwaloni, nguzo na boriti zilizoungwa zikiwa zimelala chini. Hamsini hawatoshi. Wote sitini hushika pamoja, kwanza kwa mikono mpaka kifuani, kisha kwa miti mirefu yenye ncha za chuma, wakisukuma kwa sauti moja, mpaka nguzo zianguke katika matundu yake ya chini kwa kishindo.

Lakini mwaka ule hata desturi ilikuwa inatetemeka. Watu wa kanisa walisimama upande wa mashariki, wakiongozwa na Duncan Gilfillan, mhunzi, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakutia sukari kwenye chai kwa sababu ilitoka mikononi mwa watumwa. Watu wa kilabu walisimama magharibi pamoja na Pleasant Rudd, mwenye kilabu, aliyezaliwa Kentucky na ambaye pia alikuwa hakimu wa kijiji. Wa huku walikuwa na jamaa zao waliohamia Kansas kupinga utumwa. Wa kule walikuwa na wao waliokwenda kuutetea. Barua zilizotoka huko zilileta habari za nyumba zilizochomwa.

"Mhunzi!" Rudd alipaza sauti. "Umekuja kuinua, au kuhubiri?"

"Nimekuja kuinua. Kukuhubiria wewe ni kumwagia bata maji."

Watu wakacheka pande zote mbili, na kwa kicheko hicho kazi ikaanza.

Ketura alipita kati ya mbao akiwa amefunga kilemba cheusi. Aliweka kidole juu ya alama, akaita: "Wayo wa kuku, vidole vitatu! Mwenziwe yuko pale, chini ya ile boriti fupi. Mleteni." Wakaleta. Ulimi ukaingia tundu kama kisu kinavyoingia ala. Vigingi vikapigwa. Wanaume waliozoea kuagizwa na mwanamke jikoni tu walianza kwa kunung'unika, lakini kufikia fremu ya pili walikuwa wakimkimbilia, "Bibi, na hii? Hii nusu mwezi inatazama wapi?" Hata Rudd alisimama akapitisha kidole gumba juu ya kiungo, akatafuta ufa, asiupate.

"Huyu mtu alijua kazi," akasema.

"Anajua," Ketura akamsahihisha. "Hajafa."

Ilipofika adhuhuri fremu tatu zilikuwa zimesimama, zimeegemezwa kwa miti ya muda. Hizo tatu peke yake si ghala. Bila ya nne, boriti ndefu za juu zinazozifunga fremu zote pamoja hazina pa kulala, na upepo wa wiki moja huziangusha.

Wakaenda kula. Meza zilipangwa nje: nyama ya nguruwe, maharagwe, mikate ya matufaha. Lavinia Tarvin, mke wa mwenye ghala, aliwakaribisha wote kwa majina. Sahani za Ketura na Jerusha alizibeba mwenyewe, akaziweka juu ya kisiki kando ya kuni, palipokuwa na kuku.

"Hapa mtapata hewa," akasema.

Jerusha alimwangalia kuku aliyekuwa amekwisha kudonoa mkate wake. "Mgeni wa kwanza amekwisha kunawa," akasema, asile. Ketura alikula yote, polepole, mpaka tonge la mwisho. Alihitaji nguvu.

*

Walipoinuka mezani walimkuta ameketi juu ya boriti kubwa ya fremu ya nne, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyewahi kiti kanisani.

"Haya, Bibi Goings," Tarvin akasema kwa uchangamfu, kwa kuwa robo tatu ya ghala na robo ya pipa la pombe zilikuwa zimempa moyo. "Tusipoteze mwanga."

"Sasa nataja malipo."

"Taja, taja! Watu wasiseme Tarvin ni bahili."

"Nataka useme nani alichonga mbao hizi."

Kicheko cha Tarvin kilitoka kikakosa mahali pa kwenda. "Kila mtu anajua."

"Kwa hiyo si siri. Sema."

"Ketura, nilidhani tunaongea habari ya fedha."

"Fedha ulikwisha kuzila: dola mia na kumi za ujira, na hamsini ulizopewa na bwana wa tumbaku. Sizitaki. Bwana Rudd, wewe ni hakimu. Karatasi hii ameiandika wakili. Inasema kwamba Enoch Tarvin aliapa uongo. Kwamba mtu aliyemwita Isham ni Shadrach Goings, aliyezaliwa huru katika jimbo hili. Atie sahihi, ushuhudie, nami nitasoma alama zilizobaki. Asipotia, nakwenda zangu nyumbani, nina nguo za watu za kufua."

Tarvin alikuwa amekuwa mwekundu, kisha mweupe. "Nitamleta seremala mwingine."

"Mlete. Mbao zipo, na isipokuwa ulimi mmoja zote ni nzima. Apasue hizo zilizobaki."

"Rudd! Unaruhusu hivi? Mweusi kumshika mzungu koo kwenye ardhi yake mwenyewe?"

Rudd alikuwa ameisoma karatasi mara mbili. Uso wake haukuwa na upole wowote. "Mimi siwapendi wakomeshaji utumwa," akasema. "Mali ya mtu ni mali ya mtu, na sheria ya taifa ni sheria. Lakini swali aliloliuliza ni jepesi, Enoch. Yule mtu ni Isham, au si Isham?"

"Niliapa."

"Sikukuuliza kama uliapa."

Hapo ndipo Lavinia Tarvin, aliyekuwa akitazama mawingu ya kijivu yakishuka juu ya nyasi zake, alipochoka. "Toba, Enoch, tia sahihi!" akapiga kelele. "Ng'ombe watakufa! Kila mtu hapa anajua Shadrach ndiye aliyenitengenezea kitanda cha mtoto, na mtoto huyo sasa ana miaka minane!"

Alifunika mdomo kwa aproni, lakini neno halirudi. Miaka minane, na Isham alitoroka miaka mitatu iliyopita. Hata wasiojua kuandika walijua hesabu ya kutoa.

Tarvin alitia sahihi juu ya pipa, kalamu ikikwaruza. Kisha Ketura akasema, "Isome kwa sauti."

"Nimekwisha kutia sahihi!"

"Mama yangu mkwe hajui kusoma. Kamishna alimwambia anyamaze. Mwambie wewe."

Akaisoma. Alipofika mahali palipoandikwa "niliapa uongo kwa tamaa ya fedha", sauti ilimkauka, na Jerusha, ameegemea fimbo, akamwambia, "Sikusikia hapo, bwanangu. Masikio ya kizee. Rudia." Akarudia. Ketura aliona raha, wala hakuionea haya raha hiyo. Rudd akaweka jina lake chini na tarehe.

Kama mambo yangeishia hapo, ghala lingesimama. Lakini Gilfillan mhunzi hakujua kushinda kwa kimya. Alipanda juu ya jiwe.

"Mmesikia!" akanguruma. "Huyo ndiye mla kiapo cha uongo! Na si yeye peke yake. Kila anayeipigia kura sheria hii ya wawindaji amekula naye sahani moja!"

"Chunga ulimi wako," Rudd akasema. "Nimetia sahihi kwa sababu ya kweli. Sikutia kwa ajili yako."

"Kweli ya siku moja! Kesho wawindaji wakija utawauzia pombe!"

"Nitawauzia, na watalipa! Ndugu yangu yuko Kansas, nyumba yake imechomwa na watu wenu waombao kabla ya kula!"

"Angekaa kwao!"

Rudd aliutupa chini mti wake wenye ncha ya chuma. Wa nyuma yake wakatupa yao, mmoja mmoja, ikagongana kama mifupa. "Ghala hili na lisimamishwe na watakatifu," akasema. "Sisi tunakwenda. Na siku yako ikifika, mhunzi, usinitumie mtu."

"Siku hiyo sitakuhitaji!"

Watu thelathini na mmoja wakashika njia ya magharibi. Waliobaki walikuwa thelathini na wawili, na kati yao wengine wakaanza kuvaa makoti, wakisema hawawezi kumwinulia mtu aliyekiri uongo mbele ya Mungu. Tarvin alikimbia huku na huku, kofia mkononi. "Jamani, moja tu! Imebaki moja! Rudd, ndugu yangu! Bwana Gilfillan, wewe ni Mkristo!" Alimshika mtu mkono wa koti; mtu akajing'oa.

Akamgeukia Ketura. "Uliahidi!"

"Niliahidi," Ketura akasema.

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. Kisha akapita kati ya mbao za fremu ya nne, akaweka kidole juu ya alama ya kwanza, akaita kwa sauti ile ile ya asubuhi: "Jino la msumeno, meno mawili. Mwenziwe yuko kwenye nguzo ya kona." Akangoja kwa muda ule ambao watu sitini wangeuhitaji. Hakuja mtu. Akaendelea. "Nusu mwezi, imelala chali. Mwenziwe ni boriti ya chini." Akangoja. Hakuruka alama wala hakuharakisha. Theluji ya kwanza ilianza kudondoka, nyepesi; Tarvin akasimama peke yake na mti mmoja mkononi, akisikiliza ghala lake likisomwa kiungo kwa kiungo, barabara, mpaka cha mwisho.

"Kwato lililopasuka," Ketura akamaliza. "Hapo ndipo mwisho. Mama, twende. Mhunzi, farasi wako anaweza kufika mtoni leo?"

"Atafika," Gilfillan akasema, na kwa mara hii moja hakuongeza neno.

*

Karatasi ilivuka mto siku tisa kabla ya meli ya mfanyabiashara. Mahakama ya ng'ambo haikuwa na haraka, na wakili alikula kila senti ya sabuni na ya ufuaji ya nyumba ile. Lakini mwezi wa Februari, Mto Ohio ulipoganda hata magari ya farasi yakapita juu yake, Shadrach Goings aliuvuka kwa miguu, amevaa viatu vya mtu mwingine. Ketura alimngoja ukingoni. Alikuwa amekonda, na vifundo vya mikono yake vilikuwa na weusi wa chuma.

Njia ya nyumbani ilipita kando ya shamba la Tarvin. Fremu tatu zilikuwa chini, zimelaliana ndani ya theluji. Upepo wa Januari ulizichukua zote kwa mkupuo mmoja. Shadrach alisimama. Hakuuliza habari ya Tarvin. Alivuka uzio, akainama kwa taabu, akafuta theluji juu ya kiungo kimoja, kisha kingine, akipapasa kwa vidole vilivyovimba.

"Ketura," akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa jibu. "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea hata kimoja," mkewe akasema. "Toka kwenye baridi."